Je, wajua? Mpangaji wa ganda la konokono na majirani anaowaweza

Wavuvi wa Kigoma wanamjua kuhe, samaki wa Ziwa Tanganyika. Hufikia sentimita 80, na katika ukoo mzima wa sato, wenye spishi zaidi ya 1,600 zilizokwisha kupewa majina, ni wachache sana wanaomkaribia kwa ukubwa. Ziwa hilohilo linamlea ndugu yake mwingine ambaye mvuvi hana haja naye, maana hata akikutana na wavu atapita kwenye tundu lake kama mtu apitaye mlangoni. Dume lake likipevuka hufika sentimita nne au tano. Jike huishia tatu na ushei. Mmoja ni jitu la ukoo, mwingine ni miongoni mwa wadogo kabisa wa ukoo huo duniani, na wote wanakunywa maji ya ziwa moja.

Aliyewaandikisha katika vitabu vya sayansi ni mtu yuleyule, George Albert Boulenger, mtaalamu wa samaki wa Jumba la Makumbusho la Uingereza: kuhe mwaka 1899, na huyu mdogo mwaka 1906, kutokana na samaki waliokusanywa na W. A. Cunnington katika msafara wa Tanganyika wa 1904 na 1905. Jina lake la kitaalamu ni refu kuliko yeye mwenyewe: Neolamprologus multifasciatus, neno la pili likiwa Kilatini cha "mwenye milia mingi". Wafugaji wa samaki wa mapambo wamelikata wakabaki na "multi", nasi tutafanya hivyo.

Kuhe hajulikani Ujerumani wala Marekani ila kwa wataalamu. Multi yumo sebuleni mwa watu huko, katika matangi ya kioo yasiyozidi upana wa meza ya kahawa. Na kila anayemnunua, baada ya wiki mbili tatu za kumtazama, hujiuliza swali lilelile: nimwekee jirani gani?

Swali linaonekana jepesi. Ukiingia duka la samaki utaona rangi za kila namna, na mwenye duka hana sababu ya kukuzuia. Jibu lake halipatikani dukani, liko sakafuni mwa ziwa, na ili kulipata inabidi kwanza tuione nyumba ya multi.

Nyumba hiyo ni ganda tupu la konokono. Katika Ziwa Tanganyika, na humo tu, anaishi konokono aitwaye Neothauma tanganyicense, mwenye ganda la mviringo linaloenea kiganjani. Konokono wa mahali pengine akifa, ganda lake huliwa polepole na maji, hasa yakiwa maji matamu yenye uchachu kidogo. Tanganyika si hivyo. Maji yake yamejaa madini, na chokaa haimong'onyoki ovyo ndani yake, kwa hiyo maganda yanabaki. Yanabaki miaka, yanabaki karne, yanarundikana mpaka sehemu za sakafu ya ziwa zinakuwa zulia la maganda matupu lenye eneo la viwanja vingi vya mpira. Konokono anakufa, nyumba inasimama, mpangaji anaingia.

Na si mpangaji mmoja. Ziwa hili lina umri wa miaka milioni 9 hadi 12, kina cha mita 1,470 (Baikal ya Urusi peke yake ndiyo inayolipita), na takriban spishi 250 za ukoo wa sato, karibu zote zisizopatikana mahali pengine popote. Katika muda wote huo spishi kadhaa zimejifunza kuishi ndani ya maganda, kila moja kwa tabia yake. Wapo wanaolifukia ganda mchangani mpaka ubaki mdomo tu. Wapo wanaokaa mume na mke ganda moja. Multi ni mtu wa ukoo mkubwa. Dume na wake zake kadhaa, na watoto wa mizao tofauti, wote wanakaa kiwanja kimoja, kila mkubwa na ganda lake. Ni nyumba ya Uswahilini hasa: vyumba vingi, uwani mmoja.

Uwani huo wanauchimba wenyewe. Multi anajaza mchanga mdomoni, anaogelea nao sentimita kumi au ishirini, anautema, anarudi. Anafanya hivyo asubuhi mpaka jioni. Maganda yaliyofukiwa yanafichuka, katikati kunakuwa na shimo kama bakuli, na pembeni vinaota vilima vya mchanga. Nimewahi kumtazama mmoja kwa muda wa kunywa chai kikombe kizima, na sikumwona akipumzika. Samaki wa urefu wa kidole gumba anayehamisha mlima wake ana haki ya kuwa mkali kwa mgeni, na kweli ni mkali. Huufuata mkono wako ukiingia tangini na kuudonoa.

Mayai hutagwa ndani, ndani kabisa ya mzunguko wa ganda, mahali jicho la mtu halifiki. Miaka ya karibuni watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Ujerumani walipata ujanja: walichapa maganda ya bandia yenye ubavu ulio wazi, wakampa binamu yake multi aitwaye Lamprologus ocellatus, wakaweza kuchungulia maisha ya chumbani. Walimwona mama akiwapepea wanawe kwa mapezi, na wale wanaotoka kabla ya wakati akiwadaka kwa mdomo na kuwarudisha ndani.

Sasa turudi kwa jirani. Wengi huanza kwa kuuliza tabia: ni mpole au ni mgomvi? Mimi ningeanza na maji. Upole haumsaidii kitu samaki aliyetiwa katika maji yasiyo yake.

Maji ya juu ya Tanganyika yana pH ya karibu 9, ni mazito kwa madini, na joto lake halipandi wala kushuka sana, nyuzi 24 hadi 28 mwaka mzima. Mchukue sasa neoni, yule samaki mwembamba mwenye mstari wa buluu unaong'aa, ambaye pengine ndiye anayeuzwa zaidi madukani. Kwao ni vijito vya bonde la Amazon, maji laini yenye rangi ya chai kwa sababu ya majani yaliyooza, na pH ya 6 au chini yake. Namba 6 na 9 zinaonekana jirani, lakini kipimo cha pH hupanda kwa mara kumi kila hatua. Hatua tatu ni mara elfu moja. Kumweka neoni na multi tangi moja ni kumlazimisha mmoja wao aishi ughaibuni maisha yake yote, na ukijaribu kusuluhisha kwa kuweka maji ya katikati, umewaonea wote wawili.

Kuna hatari nyingine katika maji ya aina hii, na ningependa kila anayeanza aijue kabla ya kununua samaki hata mmoja. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia. Amonia iko katika maumbo mawili yanayobadilishana: moja halina madhara makubwa, lingine ni sumu inayounguza matamvua. Kinachoamua umbo lipi litawale ni pH. Katika maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia yote ndiyo iliyo katika umbo la sumu. Katika pH 9 inazidi theluthi moja. Uchafu uleule, chakula kilekile kilichozidi, samaki yuleyule uliyemwongeza kwa sababu alikuwa mzuri: katika tangi la neoni pengine usingeona kitu, katika tangi la multi utakuta maiti. Kinga yake ni bakteria wanaokaa kwenye kichujio na mchangani, wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti na kisha naitreti, ambayo haina makali. Bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha. Mwenye haraka huwalipia samaki wake kwa maisha yao.

Maji hayo, basi, yamekwisha kufuta sehemu kubwa ya majina ya dukani. Wametoka samaki wa Amazon, wametoka wale wapiganaji wa Thailand wenye mapezi kama kanga inayopepea, na ametoka samaki wa dhahabu, ambaye hupenda maji ya baridi zaidi na akikua vizuri hufikia ukubwa wa kitoweo. Gapi anaweza kuvumilia, kwa kuwa hapendi maji laini. Ila vitoto vyake vitaliwa, na dume lenye mkia mrefu linalozubaa karibu na maganda litarudi na mkia mfupi.

Waliobaki ni wenyeji wa Tanganyika, na hapa ndipo mfugaji mpya hudanganyika. Anajiambia: wote wametoka ziwa moja, watapatana. Ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 650 lina mitaa yake. Kuna watu wa mawe, watu wa mchanga, watu wa maji ya wazi, na watu wa maganda. Wengine wanajuana kwa ubaya tu.

Mbaya wa kwanza anaishi mtaa mmoja na multi. Jina lake ni Lamprologus callipterus, na katika habari zote za wanyama sijasoma kisa cha ndoa cha ajabu kama chake. Jike huzalia ndani ya ganda, kwa hiyo lazima awe mdogo wa kuenea humo. Dume haingii, kazi yake ni kukusanya maganda mengi mahali pamoja ili awape majike nyumba, na ili aweze kulinyanyua ganda zito kwa mdomo, lazima awe mkubwa. Mwili wa jike umevutwa huku na wa dume kule, mpaka leo dume lina uzito wa zaidi ya mara 12 ya jike kwa wastani. Hakuna mnyama mwingine anayejulikana ambaye dume lake limemzidi jike kwa kiasi hicho. Katikati ya hao likazuka dume la aina nyingine, kibeti, dogo kuliko hata jike, ambalo hujipenyeza hadi ncha ya ndani ya ganda wakati jike anataga na kutimiza shughuli yake huku bwana mwenye nyumba akiwa nje analinda mlango.

Kinachotuhusu ni jinsi dume lile kubwa linavyopata maganda. Linaokota, na linaiba. Likipita kwa jirani na kuona ganda zuri, hulibeba pamoja na aliyemo. Mweke katika tangi na multi, na baada ya siku chache kiwanja kizima cha multi kimehamishiwa pembe ya pili, wenyewe wakiwa bado ndani.

Wa pili ni mzuri wa sura, na uzuri wake ndio mtego. Anaitwa Neolamprologus brichardi, mwenye rangi ya kahawa yenye maziwa mengi na mapezi yanayomalizikia kwa nyuzi nyeupe. Jina lake linamkumbuka Pierre Brichard, Mbelgiji aliyesafirisha samaki wa mapambo kutoka Burundi, na wafugaji wanamwita binti mfalme wa Burundi. Hawa ni wa mawe, hawataki maganda, kwa hiyo mtu huona hakuna ugomvi. Tatizo lao ni ushirikiano. Watoto wakikua hawaondoki. Wanabaki kuwalea wadogo zao, kusafisha mayai na kulinda mpaka. Jozi moja ikizaa mara tatu unakuwa na jeshi la ndugu wanaosukuma mpaka kila wiki, na katika tangi dogo mpaka hauna pa kwenda ila ukutani. Wengine wote huishia juu kwenye pembe, wamebanana nyuma ya kichujio.

Wapo pia wavizia usiku. Kambare wadogo wa Tanganyika wa jamii ya Synodontis wanapendeza kwa madoadoa yao, lakini taa zikizimwa huanza kupekua maganda, na vifaranga vya multi ni chakula cha kidole kimoja. Mmoja wao, Synodontis multipunctatus, ana tabia ya ndege kekeo anayetaga katika kiota cha mwenzake. Huingilia samaki wa ukoo wa sato wanaoatamia mayai mdomoni, hutaga katikati yao, na jike mwenye haraka huyakusanya mayai yote bila kuchagua. Mtoto wa kambare huanguliwa mapema, hukaa mdomoni mwa mama asiye wake, na huwala watoto wa mwenye mdomo. Aliyeligundua hilo mwaka 1986 ni Mjapani aitwaye Tetsu Sato. Naam, Sato.

Nawapita kwa haraka wale ambao ukubwa wao unatosha kuwa jibu. Frontosa mwenye nundu hupita sentimita 30 na huwala samaki wadogo walalao majini. Kompresiseps ana mwili mwembamba kama ubao, umbo linalomwezesha kupenya nyufa na kumnyofoa aliyejificha. Trofeusi si mla nyama, lakini anataka chakula cha majani tu, na chakula cha protini kinachomnenepesha multi humvimbisha tumbo na kumuua. Kula pamoja nako ni sehemu ya ujirani.

Na wapangaji wenzake wa maganda? Hapana, si katika tangi dogo. Spishi mbili za maganda zitagombea sakafu ileile. Multi ana pacha wake, similis, aliyetambulishwa kisayansi mwaka 1992. Tofauti yao unaiona kwa milia, kwani ya similis hupanda mpaka kichwani na ya multi huishia nyuma yake. Ukiwachanganya utapata chotara ambao hakuna mfugaji makini atakayewachukua.

Basi ni nani aliyebaki? Anayefaa ni yule anayetaka kile ambacho multi hakitaki. Multi anataka sakafu yenye mchanga. Mpe jirani wa mawe, asiye na ukoo mkubwa, na umtenge naye. Katika tangi la urefu wa sentimita 90 au 100, jozi moja ya Julidochromis transcriptus, samaki mwenye umbo la sigara na rangi nyeusi na nyeupe, itakaa kwenye rundo la mawe upande mmoja, multi na maganda yao upande wa pili, na katikati pawe na mchanga mtupu wa kiasi cha viganja viwili. Nafasi hiyo tupu ina kazi kubwa kuliko mawe yenyewe. Watu huona ni upungufu wa mapambo, wakaijaza. Siku ya pili vita vinaanza, kwa sababu wamefuta mpaka.

Aliye bora kuliko wote, kwa maoni yangu, anaishi juu. Cyprichromis leptosoma ni mwembamba, dume lina mkia wa njano au wa buluu, na huenda kwa kundi katika maji ya wazi akila vidudu vinavyoelea. Hashuki chini kwa lolote. Hata kuzaa huzalia majini palepale: jike hutoa yai, hugeuka, hulidaka kwa mdomo kabla halijazama, na hulea mdomoni. Multi hana la kumwambia wala yeye hana la kumwibia. Zaidi ya hapo, kundi likipita juu kwa utulivu, walio chini hupata ujasiri wa kutoka magandani. Wameona hakuna hatari. Lakini kundi maana yake ni wanane au kumi, na hao wanataka tangi la sentimita 120 lenye mfuniko, kwani wakishtuka huruka mpaka sakafu ya sebule.

Hapo ndipo hesabu inapomgeukia mwenye tangi dogo. La sentimita 60 kwa 30 kwa 30, ambalo watu wengi huanza nalo, lina lita 54, na ukishatia mchanga na maganda zimebaki pungufu. Hakuna rundo la mawe litakaloenea humo na bado uwepo mpaka. Hakuna kundi litakaloogelea juu. Kila jirani niliyemsifu anahitaji tangi kubwa kuliko hilo.

Kwa tangi hilo jibu langu ni fupi: usimwekee multi mtu. Tia mchanga laini wa kina cha vidole vinne. Tia mawe ya chokaa mawili matatu yakusaidie kuishikilia pH. Tafuta maganda, yawe mengi kuliko samaki, mawili au matatu kwa kila mmoja. Kama huko uliko hakuna wa kukuletea ya Tanganyika, fanya kama Wazungu, ambao hutumia maganda ya konokono wa mezani wa Kifaransa, yakishachemshwa na kusuguliwa, na multi hajawahi kulalamika. Subiri wiki zile za bakteria. Kisha nunua sita wadogo, wa jinsia yoyote, na uwaache wapangane wenyewe.

Mwezi wa kwanza watahama kutoka ganda hadi ganda na kugombana kwa madoido. Baadaye, asubuhi moja, utaona kwenye mdomo wa ganda kitu kama punje ya ufuta yenye macho, halafu cha pili, halafu saba. Watakua humohumo, kwa baba yao. Ukiwalisha vizuri, kabla mwaka haujaisha utakuwa na thelathini, na swali la jirani litakuwa limegeuka kuwa swali la nani achukue waliozidi.